Chumba hakizidi boriti: jinsi COBOL inavyopanga vigeu katika kumbukumbu

1,077,952,576.

Namba hiyo aliniandikia binti wa kaka yangu Alhamisi moja baada ya Alasiri. Nilikuwa nimekaa barazani Langoni, punda wanapandisha mawe kutoka gatini. "Ami, programu yangu inasema tumepakia korija bilioni moja na ushei. Mikoko yote ya Lamu haifiki hapo." Kweli haifiki. Korija moja ni vipande ishirini, kwa hiyo jahazi lake lilikuwa limebeba miti zaidi ya bilioni ishirini na moja.

Anajifunza COBOL, lugha ya mwaka 1959 ambayo vijana wengi huisikia kama hadithi ya mababu. Zoezi la shehena ya mikoko alijitungia mwenyewe. Sikuuliza kuona programu. Nilimjibu: "Mwanangu, umeandika MOVE SPACES juu ya rekodi nzima? Na kompaila umeipa TRUNC(BIN)?" Zikapita dakika mbili. "Umejuaje?"

Nimejua kwa sababu namba hiyo naifahamu kama jina la jirani. MOVE SPACES hujaza nafasi tupu, kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya COBOL kuwa maagizo ya mashine, na TRUNC(BIN) ni chaguo linaloiambia isikate namba kwa kufuata idadi ya tarakimu zilizotangazwa. Kuieleza inanibidi nianze na jambo ambalo vitabu vingi vya kujifunzia hulipita mbio: ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kuu, zile tunazoziita meinfremu, hakuna namba wala herufi. Kuna baiti, moja baada ya nyingine, kila moja ina biti nane na anwani yake. Majina uliyovipa vigeu, yaani sehemu za kuhifadhia data, KORIJA, BEI, JAHAZI, yanakufa kompaila ikishamaliza kazi. Kinachobaki ni maelezo ya aina hii: anza hapa, hesabu baiti tano mbele, chukua nne, zichukulie kuwa namba ya mfumo wa mbili.

Mashine za ukoo wa IBM huhifadhi maandishi kwa msimbo wa EBCDIC. Humo nafasi tupu si sifuri. Ni X'40' kwa heksadesimali, mfumo wa kumi na sita, yaani 64 kwa hesabu ya kawaida. Binti yangu alipoandika MOVE SPACES TO SHEHENA, COBOL iliitazama SHEHENA kama kundi, na kundi kwa COBOL ni maandishi matupu, haidhuru ndani yake kuna nini. Ikamwaga X'40' kila mahali. Pale palipotakiwa pakae idadi ya korija zikakaa baiti nne za X'40404040'. Zisome kama namba ya mfumo wa mbili, utapata 1,077,952,576 barabara. Bila ya TRUNC(BIN) angeonyeshwa tarakimu nane tu za mwisho, 77,952,576, kwa kuwa tangazo lake lilitaja tarakimu nane. Hata hiyo naifahamu.

Basi tuitazame rekodi yenyewe:

01  SHEHENA.
    05  AINA      PIC X(5).
    05  KORIJA    PIC S9(8) COMP.
    05  BEI       PIC S9(7)V99 COMP-3.
    05  JAHAZI    PIC X(20).

Mtu asiyeijua COBOL huiona hii kama orodha ya majina. Mimi huiona kama ramani ya nyumba. Ukiingia nyumba ya kale ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu unapita daka, unafika kiwanda, unapanda msana, kisha ndani. Mpangilio huo haubadiliki kwa kuwa mwenye nyumba amekiita chumba jina jingine. DATA DIVISION, sehemu ya programu inayotangaza vigeu, ni hivyo hivyo: vigeu vilivyo ndani ya kundi moja hukaa kwa utaratibu ule ule ulioviandika, bega kwa bega, na upana wa kila kimoja umeandikwa katika PIC na neno linaloifuata.

Upana huo ndio wenye mambo. PIC X(5) ni baiti tano, herufi moja kwa baiti. PIC 9(5) tupu, ambayo ni DISPLAY, nayo ni baiti tano, kwa sababu kila tarakimu huandikwa kama herufi: sifuri ni X'F0', tisa ni X'F9'. Ukiweka S, alama ya kujumlisha au kutoa haiongezi baiti. Huingia katika nusu ya juu ya baiti ya mwisho, C kwa chanya na D kwa hasi. Ndiyo maana katika ripoti mbovu huona namba hasi inaishia na herufi. Hasi 125 huchapwa 12N, kwa sababu X'D5' katika EBCDIC ni N. Wahasibu walikuwa wakituletea karatasi hizo wakidhani printa imeharibika.

COMP-3 hubana. Tarakimu mbili huingia baiti moja, na nusu baiti ya mwisho kabisa huachiwa alama. Kujua ukubwa wake, gawanya idadi ya tarakimu kwa mbili, tupa nusu inayobaki, kisha ongeza moja. BEI ina tarakimu tisa, saba kabla ya V na mbili baada yake, kwa hiyo ni baiti tano. Ile V haichukui nafasi yoyote. Nukta ya desimali haimo katika kumbukumbu, imo katika kichwa cha kompaila tu. Shilingi 1,250.00 hukaa hivi: 00 01 25 00 0C. Ukiitazama katika dampu, yaani chapa ya kumbukumbu kama ilivyo, unaisoma kwa macho bila kikokotoo, na hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya watu wa benki waipende.

COMP, au BINARY, ni namba ya mfumo wa mbili, na hapa upana hauendi kwa tarakimu moja moja bali kwa ngazi. Tarakimu 1 hadi 4 huchukua baiti 2. Tarakimu 5 hadi 9 huchukua 4. Tarakimu 10 hadi 18 huchukua 8. KORIJA ina tarakimu nane, basi ni baiti nne. COMP-1 na COMP-2, namba za nukta inayoelea, ni baiti nne daima kwa ya kwanza na nane kwa ya pili. Tangazo la ngazi ya 88 (ngazi ni ile namba ya mbele, kama 01 na 05) halichukui hata baiti moja, ni swali tu lililopewa jina. REDEFINES nayo haijengi kitu, inabandika jina jipya juu ya mlango uliopo.

Hapa kuna tofauti ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue mapema. COMP haina namna mbaya ya kujazwa. Mchanganyiko wowote wa biti ni namba halali, kwa hiyo takataka ikiingia itakudanganya kimyakimya, kama ilivyomdanganya binti yangu. COMP-3 ina adabu: nusu baiti za tarakimu lazima ziwe 0 hadi 9, na ya alama lazima iwe A hadi F. Angejaribu kuzidisha BEI iliyojaa X'40', mashine ingegoma papo hapo na programu ingekatika kwa S0C7, kosa la data isiyo halali ambalo kila mtu wa meinfremu amewahi kuamshwa usiku kwa ajili yake. Watu huilaani S0C7. Mimi naiona ni rafiki msema kweli.

Sasa tuhesabu. AINA inaanza 0 na kuishia 4. KORIJA 5 hadi 8. BEI 9 hadi 13. JAHAZI 14 hadi 33. Jumla baiti 34, hakuna pengo hata moja. Hivyo ndivyo COBOL inavyofanya usipoiambia vingine: hufunga mzigo kwa kubana, na haijali kwamba KORIJA, namba ya baiti nne, imeanzia mahali pasipogawanyika kwa nne.

Mashine ilikuwa ikijali, tena sana.

Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu na vyembamba, na wageni huuliza kwa nini. Jibu liko darini. Dari hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti nzuri haivuki mita tatu hivi. Fundi anaweza kuongeza urefu wa chumba apendavyo. Upana umeamuliwa na mti. Aprili 1964 IBM ilipoitangaza System/360, iliyosanifiwa na akina Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks, nayo ilikuwa na boriti zake: nusu neno la baiti 2, neno la baiti 4, neno maradufu la baiti 8. Mashine ndogo ya ukoo huo, Model 30, ilivuta baiti moja moja kutoka kwenye kumbukumbu. Model 65 ilivuta nane kwa mkupuo. Programu moja ilitakiwa iende kwenye zote mbili, kwa hiyo sheria ikawekwa kwa wote: neno la baiti 4 lazima lianzie anwani inayogawanyika kwa 4, nusu neno kwa 2, neno maradufu kwa 8. Namba ikivuka mpaka, mashine ilikataa agizo na programu ikakatika, S0C6.

COBOL ilikuwa na njia mbili za kuishi na sheria hiyo. Ya kwanza ni kuacha vigeu vibanane, na kila mara kinapotakiwa kigeu kilichokaa vibaya, kompaila inaongeza agizo la kukinakili kwanza mahali palipo sawa. Mzigo mdogo, kazi zaidi. Ya pili ni neno SYNCHRONIZED, ambalo hufupishwa SYNC. Hilo huiambia kompaila: kianze mpakani, hata kama itabidi uache pengo.

Andika KORIJA PIC S9(8) COMP SYNC uone nyumba inavyobadilika. AINA bado ni 0 hadi 4. Baiti ya 5, 6 na 7 zinakuwa pengo, hazina jina wala mwenyewe. KORIJA inahamia 8 hadi 11, BEI 12 hadi 16, JAHAZI 17 hadi 36. Jumla 37. Baiti tatu zimekwenda ili namba moja ikae sawa. Hesabu hii inaaminika kwa sababu kila ngazi ya 01 katika WORKING-STORAGE, sehemu ya vigeu vya programu yenyewe, huanzia mpaka wa baiti 8, kwa hiyo sifuri ya rekodi ni sifuri safi.

Kuna kijambo cha kuchekesha hapo. Binti yangu alikuwa ameipa AINA herufi tano akifikiria FITO, PAU na MAZIO. BORITI ina sita, na COBOL ilikuwa ikimkatia mwisho, BORIT, bila kusema neno. Kuipanua iwe X(6) katika rekodi iliyobanwa kunasogeza kila kilicho nyuma yake hatua moja. Katika rekodi yenye SYNC hakuna kinachosogea. Pengo linapungua kutoka tatu hadi mbili na KORIJA inabaki ya 8. Nimewahi kuona rekodi ya ofisini iliyopanuliwa kwa ujanja huo, kijana akijisifu kwamba hakugusa programu nyingine yoyote. Alisahau kuwa mwenzake wa zamani alishaanza kuzitumia baiti za pengo kuhifadhi alama zake za siri. Baiti zisizo na mwenyewe hazikai bila mwenyewe muda mrefu.

Mipaka yenyewe, kwa SYNC, ni hii: COMP ya tarakimu 1 hadi 4 huanzia kwenye 2, COMP ya 5 hadi 18 kwenye 4, COMP-1 kwenye 4, COMP-2 kwenye 8. Angalia vizuri, COMP ya baiti nane huridhika na mpaka wa nne. COMP-3 na DISPLAY hazina mpaka, kwa sababu maagizo yanayozihudumia husoma baiti baada ya baiti tangu siku ya kwanza.

Pengo huuma zaidi kwenye OCCURS, tangazo la jedwali linalorudia kipengele kile kile. Chukua jedwali la vipengele 100, kila kimoja kina KORIJA ya baiti nne yenye SYNC kisha AINA ya tano. Kipengele cha kwanza kinatosha katika baiti tisa. Cha pili kingeanzia ya 9, na KORIJA yake ingekosa mpaka. Kompaila basi huongeza baiti tatu mwishoni mwa kila kipengele ili ndugu zake wote wakae sawa. Badala ya 900 unapata 1,200. Katika zama ambazo kumbukumbu ilihesabiwa kwa kilobaiti, hiyo haikuwa anasa ndogo.

System/370 ilipokuja mwaka 1970 sheria ikalegezwa: data iliyovuka mpaka ilikubalika, ila hufika polepole kidogo. Maagizo ya programu yenyewe bado lazima yaanzie anwani shufwa mpaka leo. Kwa hiyo faida ya SYNC kwenye mashine za sasa ni ndogo mno katika programu za kawaida, na mimi sioni sababu ya kuiandika katika rekodi mpya. Kuiondoa katika rekodi ya zamani ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu pengo limekwisha andikwa katika mafaili ya miaka na miaka.

Binti yangu hakunisubiri nifike huko. Ijumaa jioni akarudi na namba mpya: -100,663,003. Safari hii ilinibidi nichukue karatasi.

Alikuwa amegawa zoezi lake mara mbili. Programu ya kwanza inajaza SHEHENA na kuiita ya pili kwa CALL ili ichape. Katika ya pili aliinakili rekodi kwa mkono na kuongeza SYNC, kwa kuwa alisoma mahali kwamba inaharakisha. Hapo ndipo inabidi kujua LINKAGE SECTION ni nini. Vigeu vya WORKING-STORAGE hupewa nafasi halisi, na thamani zake hubaki hata programu ikiitwa tena mara ya kumi, mpaka shughuli nzima iishe. Vya LOCAL-STORAGE hupewa nafasi mpya kila programu inapoitwa na kuondolewa inapotoka. Vya LINKAGE havipewi kitu. Ni ramani tupu, inayolazwa juu ya anwani aliyoileta mwitaji. Ukileta ramani ya nyumba ya Mkomani ukaitumia kuingia nyumba ya Langoni, utafungua kabati ukidhani ni mlango.

Programu ya kwanza, isiyo na SYNC, ilikuwa imeandika korija 250 katika baiti ya 5 hadi 8: 00 00 00 FA. Kisha bei ya 1,250.00 katika ya 9 hadi 13: 00 01 25 00 0C. Programu ya pili, yenye SYNC, ikaenda moja kwa moja baiti ya 8. Ikachukua nne: FA 00 01 25. Mkia wa korija na kichwa cha bei. Biti ya kwanza ya FA ni moja, kwa hiyo namba ni hasi, nayo ni -100,663,003. Alipojaribu kuijumlisha BEI, programu ikasoma kuanzia ya 12: 00, 0C, kisha herufi tatu za jina la jahazi. Ile C imekaa kiti cha tarakimu. S0C7.

Lau angepitishia kwenye faili badala ya CALL, angeshikwa mlangoni. Faili la rekodi za baiti 34 lisingefunguliwa na programu inayodai 37, angepata hali ya faili 39. CALL haina mlinzi wa namna hiyo. Inapitisha anwani, basi. Ndiyo sababu ofisi zenye akili huandika rekodi mara moja katika kopibuku, faili la pamoja la matangazo, na kila programu huivuta kwa COPY. Kunakili kwa mkono ni haramu, ningesema, kama si kuogopa mashekhe.

Akaniuliza: mashine inaijuaje "baiti ya 8" ikiwa hata haijui rekodi iko wapi? Swali zuri. Kompaila haiandiki anwani kamili. Huandika msingi na umbali. Rejista moja kati ya kumi na sita, vihifadhi vidogo vya ndani ya mashine, hubeba anwani ya mwanzo, na agizo la jadi hubeba umbali wa biti 12, ambao mwisho wake ni 4,095. Ndiyo maana kompaila za zamani ziliigawa WORKING-STORAGE vipande vya baiti 4,096, kila kipande na msingi wake, na katika orodha ya kompaila unaviona vimeandikwa BLW 0, BLW 1 na kuendelea. Vya LINKAGE huitwa BLL, na hivyo hujazwa pale tu mwitaji anapoleta anwani. Ukigusa kigeu cha LINKAGE ambacho hakuna aliyekileta, msingi hauelekezi popote pa maana na unapata S0C4, kosa la kugusa anwani isiyoruhusiwa.

Orodha hiyo ndiyo niliyomwambia aichape. Chaguo linaitwa MAP. Kila kigeu kinakuja na msingi wake, umbali wake kwa heksadesimali na urefu wake. Weka orodha za programu mbili ubavu kwa ubavu, KORIJA inasema 005 huku na 008 kule, na hakuna tena cha kubahatisha. Miaka yangu ya kazi nimetatua matatizo mengi zaidi kwa kusoma MAP kuliko kwa kusoma programu.

Alifuta SYNC, akahamishia rekodi kwenye kopibuku, akabadilisha MOVE SPACES iwe INITIALIZE, ambayo huvijua vyumba kimoja kimoja na kuweka sifuri kwenye namba na nafasi tupu kwenye maandishi. Na AINA akaipa herufi ya sita. Jana kanitumia picha ya karatasi ya daftari: visanduku thelathini na vitano kwa kalamu ya risasi, chini ya kila kimoja namba yake, kuanzia sifuri. Cha mwisho kimeandikwa 34.